Salamu Zilizokula Betri

Mwalimu wa Jim ana mikono mirefu kupita kiasi. Akisimama wima vidole vyake vinakaribia magoti, na akikimbia mikono hiyo inapiga makasia hewani kana kwamba barabara yetu ni mto na yeye amechelewa kuvuka. Najua kwamba mtu anayemweleza mkimbiaji angetakiwa kuanza na miguu. Nimeanza na mikono kwa sababu habari yote imo humo, hasa katika mkono wa kulia.

Jina analo, lakini halina kazi. Alifundisha mazoezi ya viungo hapa Kindu hadi alipostaafu, na somo hilo kwetu huitwa jim, basi. Siku moja imamu alitaka kumshukuru mbele ya watu kwa mchele alioutoa kwa ajili ya futari. Akasema "ndugu yetu", akanyamaza, akalitafuta jina kwenye dari, mwishowe akasema "Mwalimu wa Jim", na msikiti mzima ukaitikia bila yeyote kuona kasoro.

Kila alfajiri baada ya swala hukimbia. Hushuka kwa barabara yetu hadi stesheni, akafuata reli pale yanapolala mabehewa ya mizigo, akageukia bandarini, akarudi kwa njia ya soko. Katika kila mlango huinua mkono wa kulia, kiganja wazi, juu kabisa, hata kama mlango umefungwa na wenyewe wamelala. Kuna fundi cherehani ambaye hawajasemezana naye kwa miaka kwa sababu ya suruali iliyokatwa fupi. Mlangoni kwake pia mkono huinuka, ila uso anaupeleka upande wa pili. Niliwahi kumwuliza inakuwaje amsalimu mtu aliyemnunia. Alijibu kwamba amemnunia fundi, mlango hajaununia.

Mimi ananiita Juu-ya-Nini, maana ndivyo tunavyouliza "kwa nini" huku kwetu, na tangu utotoni swali hilo halijanitoka mdomoni. Niliporudi kutoka chuo kikuu, Kisangani, na shahada yangu ya fizikia, alinikuta barabarani na hakupunguza mwendo.

"Juu-ya-Nini, walikujibu?"

Nikasema bado.

"Sasa ulienda kufanya nini?" akauliza, akapita.

Wanafunzi wake aliwakataza kusema wakati wa mbio. Pumzi haikopeshwi, alikuwa akiwaambia. Ukiimaliza kwa maneno, jirani hatakupa yake. Yeye mwenyewe akikimbia husema njia nzima, na wakati mwingine husema na mbuzi. Anachukia uchelewaji kiasi kwamba aliwahi kufunga lango la uwanja wa michezo mbele ya mkuu wa shule, lakini mama yangu anasimulia kwamba kwenye arusi ya Mwalimu wali ulikaribia kwisha kabla bwana arusi hajafika. Alikuwa amesimama njiani kuwarekebisha vijana wawili waliokuwa wakisukuma vibaya baiskeli ya mizigo. Anasema kikombe cha ushindi kinamfanya mtu awe mzito. Kikombe pekee alichowahi kushinda kimewekwa dirishani kwake, kimeelekezwa barabarani, na hupanguswa kila Ijumaa.

Vita vilipofika kwetu nilikuwa mtoto mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni kusikiliza. Treni ilikuwa imenyamaza. Chumvi ilikuja kwa baiskeli kutoka mbali, na kila asubuhi swali lilikuwa moja: leo mtu anaweza kutoka? Redio haikujua mambo ya barabara yetu. Aliyeyajua alikuwa Mwalimu wa Jim. Watu wazima walisimama nyuma ya milango wakichungulia kwenye ufa. Akipita na mkono juu, njia iko wazi, na hapo wanawake walichukua vikapu wakaenda kutafuta mihogo, wengine wakaenda kuteka maji. Siku moja alipita mbio kali, mikono imebanwa mbavuni. Mama aliturudisha chini ya kitanda, na barabara nzima haikufungua. Kabla ya adhuhuri risasi zililia upande wa stesheni. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa huko.

Tangu siku hiyo hadithi zikaanza. Wengine walisema ana rafiki katika kila jeshi. Wengine walisema ana dawa aliyoitoa Punia, msituni, na kwamba inamwasha kwenye kwapa hatari ikikaribia. Mimi nilipokua niliona tatizo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Kama wa kwanza kutoka ndiye anayetuambia njia ikoje, yeye aliambiwa na nani? Nilimwuliza nikiwa sekondari. Akasema miguu yake njo inajua, yaani ndiyo inayojua. Nikamwambia miguu haina macho. Akasema njo maana mimi huwa wa mwisho mbioni.

Saa iliingia katika maisha yake kwa sababu ya kuanguka. Msimu wa mvua uliopita, kwenye mteremko wa bandari, alizimia kidogo. Wapagazi walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni, naye njia nzima akawaelekeza namna ya kuusukuma. Daktari alisema hakunywa maji ya kutosha. Lakini binti yake mkubwa, anayeishi Lubumbashi, alitaka baba ahamie kwake. Kule kuna nyumba yenye ukuta, geti na mbwa wawili. Mwalimu alimwambia mama yangu kwamba yeye atakuwa mbwa wa tatu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa la kuongeza baada ya mzaha wake mwenyewe.

Wakaafikiana hivi. Binti akatuma saa ya michezo, zile zinazohesabu mapigo ya moyo na kufuata setilaiti ili kujua mtu amekimbia wapi. Simu ya Mwalimu ni ya vitufe, kwa hiyo saa ikaunganishwa na simu yangu. Kila asubuhi akimaliza anapita uani kwetu, saa inamimina mbio zake ndani ya simu, na huko Lubumbashi binti anaziona. Akiona moyo unakwenda vizuri, baba anabaki Kindu. Saa ikizimika njiani, mbio za siku hiyo hazipo, na binti anakuja kumchukua. Ilizimika wiki ya kwanza tu. Binti alipiga simu akilia, tukamweleza habari ya betri, akasema anaisamehe mara hiyo moja.

Kwa haki, saa yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi, haikuogopa jasho wala mvua, na umbali ilioupima kutoka stesheni hadi bandarini ulilingana na ule nilioupima mimi kwa gurudumu la baiskeli, maana sikuiamini. Mapigo ya moyo niliyahakikisha kwa kumshika shingo, huku akilalamika kwamba ninamnyonga. Ila ilikuwa na tabia ya kutoa maoni. Asubuhi moja ilimwambia, kwa Kifaransa, kwamba mbio zake hazina tija. Alisimama uani akaisoma mara ya pili.

"Mimi?" akasema. "Hii kitu ilizaliwa jana."

Siku ya pili yake ikamshauri apumzike. Akakimbia mara mbili, kuikomoa.

Kisha akasahau kuisimamisha siku aliyovuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa pirogi ya mota, mtumbwi wenye injini. Saa ikahesabu mto mzima kuwa ni mbio, ikampongeza kwa rekodi mpya, na kwenye ramani ya simu yangu mstari wake ukakatiza Lualaba bila kuyumba. Mchungaji wa jirani alikuja kuiona ramani hiyo, akaitazama kwa muda mrefu. "Petro alizama," akasema, "na huyu Muislamu amefika ng'ambo." Mwalimu hakukanusha. Kwa siku kadhaa alikuwa akiwaeleza watu kwamba maji yanafaa kwa magoti kuliko mchanga.

Tatizo lilikuwa betri. Boksi liliahidi wiki mbili, na mkononi mwake hazikupita siku nne. Kwingine labda lisingekuwa jambo kubwa, lakini umeme katika mtaa wetu ni mgeni asiyekaa hata usiku mmoja, na nyumba ya kuchajia simu pale sokoni inategemea sahani za jua. Nikafanya kama nilivyofundishwa: badilisha jambo moja, mengine yaache. Nilizima setilaiti, ikasaidia kidogo. Nikapunguza mwanga, kidogo tena. Nikaivaa mwenyewe, nikakimbia njia ileile nikihema kama mvukuto, na betri haikushuka kitu. Hapo nikaanza kumshuku yeye.

Asubuhi moja nilimfuata kwa baiskeli nikiitazama saa peke yake. Mlango wa kwanza, mkono juu, kioo kikawaka. Mlango wa pili, kikawaka. Kwa fundi cherehani, uso upande wa pili, kikawaka. Saa hizo zimetengenezwa ili mtu akiinua mkono kuisoma iwake yenyewe. Huko ilikotengenezwa, nadhani, mtu anakimbia bila kumsalimu yeyote. Hapa, kutoka msikitini hadi bandarini na kurudi, ilikuwa inawaka na kuzimika kama taa za arusi.

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Salamu njo inakula batri?" akauliza, kisha akamwita mama asikie. Nikamshauri aivae mkono wa kushoto kama watu wengi. Akaacha kucheka. Zawadi ya mtoto haivaliwi kushoto, na kazi za mkono huo kila mtu anazijua. Basi, nikasema, salimu kwa kushoto. Akanitazama kama mtu aliyesikia nikitukana mtaa mzima. Nikaizima ile hali ya kuwaka yenyewe, na betri ikatulia. Baada ya siku mbili akarudi amenuna. Watu wanamwuliza saa ngapi, akiinua mkono ni giza tupu, wameanza kusema saa ni ya uongo.

"Mutoto wangu alinunua mwanga," akasema. "Hakununua bangili."

Nikaiwasha tena. Ningefanyaje?

Kisha ikaja mvua isiyokatika, na mimi nikaitwa kwenda Kailo kufundisha wanafunzi waliokuwa wanajiandaa kwa mtihani. Nilimwarifu binti kwamba sitakuwepo kwa siku chache, kwamba saa itazihifadhi mbio hadi nirudi, mradi iwe hai. Akajibu kwamba ameelewa, na kwamba ikizimika anakata tiketi ya ndege. Huku nyuma sahani za jua za sokoni zilikuwa zinakusanya maji tu. Betri ikafika kwenye mstari mwekundu. Mwalimu hakujua kuingia ndani ya saa na kuzima kitu. Alikumbuka jambo moja tu kati ya yote niliyomweleza: salamu zinakula betri.

Nilirudi asubuhi kwa pikipiki, nimelowa hadi kwenye soksi, nikakuta barabara yetu kimya. Milango imefungwa. Muuza maandazi ameacha karai lake juu ya moto, mafuta yanachemka peke yake. Viatu vya mtoto, kimoja hapa, kimoja pale. Mlango wetu ukafunguka kidogo, mkono wa mama ukatoka ukanivuta kwa kola.

"Ingia. Mwalimu amepita mukono chini."

"Juu ya nini?"

"Usiulize juu ya nini. Ingia."

Sebuleni walikuwemo majirani, kati yao yule fundi cherehani, amekaa ukingoni mwa kiti na futi yake shingoni. Mwalimu alipita mkono umekunjwa, wakanieleza, ameubana kifuani kama bawa la kuku lililovunjika. Wenye umri wangu walikuwa wanacheka mwanzoni, lakini wakubwa hawakucheka, wakaanza kuita watoto, na kicheko kikaisha. Fundi alikuwa na huzuni yake peke yake. "Hata kwangu hakuinua," akasema.

Tukasikia miguu ikija mbio kutoka upande wa soko. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Mama akafungua, Mwalimu wa Jim akaingia akihema, akaufunga nyuma yake na kuuegemea kwa mgongo.

"Kuko nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Barabara yote imefungwa. Kumetokea nini?"

Mama akamjibu.

"Wewe njo umetuambia."

"Mimi?" Akatazama mkono wake, bado umekunjwa kifuani. "Mimi nachunga batri."

Aliyeanza alikuwa fundi cherehani, kwa kicheko chembamba kama cha mtoto, kisha mama, kisha nyumba nzima, na Mwalimu mwenyewe akateleza mlangoni hadi sakafuni, akicheka na kuomba msamaha kwa pamoja. Milango ikaanza kufunguka. Maandazi ya kwanza yalikuwa meusi, tukayala.

Mimi nilikuwa nimelisubiri swali langu tangu utoto na sikutaka lipotee katika kicheko. Nikamwuliza tena, mbele ya mashahidi. Siku zile za vita, alijuaje? Mara hii hakutaja miguu. Akanyoosha kidole kwa mama yangu.

"Moshi wake," akasema. "Nikitoka kuswali nasimama pale kona. Nikiona moshi kwa jikoni yake, najua Mama amesikia habari nzuri, kaka yake alikuwa na pirogi kule bandarini. Nainua mukono, nakimbia. Ile siku moya hakukuwa moshi."

Mama alikuwa ameshika sinia. Akaliweka chini.

"Habari gani? Kaka yangu alikuwa amekimbilia Kibombo. Mimi nilikuwa nasikia miguu yako ukienda kuswali. Nikasema, Mwalimu ametoka, basi kuko salama. Njo nawasha makaa kwa mbabula."

"Na ile siku?"

"Makaa yalikuwa yamelowa," mama akasema. "Nilipuliza mpaka macho yakavimba."

Nimesoma mambo mengi yenye milinganyo, na sijawahi kukutana na jambo lililonifurahisha kama hilo. Barabara nzima ilipita katika vita ikiwa imeegemea watu wawili, na watu hao walikuwa wameegemeana, na katikati yao hapakuwa na kitu ila mbabula na mkono. Mara moja hesabu yao ilitoa jibu sahihi kwa sababu ya makaa mabichi. Nilitaka kusema haya yote, lakini simu yangu ikalia.

Alikuwa binti. Tayari nusu ya barabara ilikuwa imempigia. Hakuuliza habari ya saa wala moyo. Alikuwa msichana katika barabara hii miaka ile, na aliuliza kitu kimoja: mkono uko chini juu ya nini? Mwalimu akamweleza, betri, mvua, mstari mwekundu, tiketi ya ndege.

"Baba," akasema, na sote tulimsikia, "inua mukono. Batri ikitaka ikufe, ikufe. Kila asubui nitamuuliza Mama wa Juu-ya-Nini kama umepita."

Mwalimu akainua mkono pale pale, sebuleni, kana kwamba binti anaweza kumwona. Kioo kikawaka chekundu, kikazimika, na hakikuwaka tena hadi jua liliporudi.

Anaivaa bado, kulia. Sokoni wakimwuliza saa ngapi anawaonyesha kioo, na kama ni giza anasema saa nayo imepumzika, kama ilivyomshauri yeye. Fundi cherehani amemshonea suruali mpya, ndefu mno, na wamenuniana upya.

Wiki iliyopita niliamka mapema kwa makusudi. Nilitaka kujua, sasa kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba mwenzake hajui kitu, nani atatangulia. Nilisikia miguu ikipita kando ya ukuta wetu kwenda kuswali. Mama alikuwa ameinama jikoni, njiti mkononi, haiwashi, anatazama upande wa kona. Muda ukapita. Nikachungulia dirishani. Mwalimu wa Jim ametoka msikitini, amesimama konani, anafunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa, jicho moja kwenye paa letu. Mama anangoja. Yeye anafunga kamba.

Nikafungua mlango niwaone vizuri zaidi, nao mlango wetu unapofunguka hulia kama bata. Papo hapo njiti ikawaka nyuma yangu, na kule konani mkono mrefu ukapanda juu, kiganja wazi, saa inang'aa. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Walidhani nimesikia habari.

Sikuwa nimesikia kitu. Nikainua mkono.